Wavuvi wa mshipi kwenye boti ndogo: laifu jaketi ivaliwe muda wote, au ikiwa karibu inatosha?

KolekoleWaKunduchi

Wakuu habari zenu. Kuna ubishi hauishi kwenye boti yetu, naomba wanaoijua bahari watoe neno.

Boti ni ya faiba, futi 19, wazi, mashine moja ya 40HP. Tunatokea Kunduchi, tunapita nje ya Mbudya, tunaburuta chambo kutafuta nguru na kolekole, halafu tunatia nanga tunapiga mshipi wa chini kwa changu. Watu wanne, siku nyingine watano. Jaketi zipo sita, za rangi ya chungwa, za foma (sponji ya kuelea), zimefungwa kwenye mfuko chini ya benchi la mbele.

Upande mmoja unasema wote tunajua kuogelea, maji yetu si ya baridi, jaketi linachemsha mwili, linabana bega la kurushia na mshipi unanasa kwenye klipu. Upande wa pili unasema jaketi lililo mfukoni halimsaidii mtu aliye majini. Sasa: ni lazima livaliwe muda wote? Kwa mtu anayerusha fimbo ya kuvulia linafaa la aina gani? Na zile nyembamba zinazojazwa na mtungi wa gesi, zinahimili unyevu wa Dar?

Tezi_na_Omo

Mkuu, hoja ya "tunajua kuogelea" ndiyo inayozamisha waogeleaji. Aliyekwenda kuogelea amevua shati na amevuta pumzi. Mvuvi anaangukia mgongo, ana suruali na viatu, pengine kichwa kimegonga ukingo, pengine ndoano iko kiganjani na samaki anavuta upande wa pili.

Halafu piga hesabu ya mwendo. Boti ikienda kilomita 36 kwa saa inakata mita 10 kila sekunde. Mwenye usukani akichelewa sekunde 10 kugundua, mwenzenu yuko mita 100 nyuma. Kichwa cheusi kwenye mawimbi ya kusi (upepo wa kusini), mita 100, jua likiwaka usoni: mjaribuni siku moja kutafuta boya la mpira wa saizi hiyo muone. Na kama boti imetulia bila nanga, upepo unaisukuma. Muogeleaji wa kawaida mwenye nguo huenda kama kilomita 2 kwa saa, tena kwa muda mfupi, na boti tupu iliyoshikwa na kusi inaweza kumzidi. Joto la maji linakupa muda mrefu kuliko bahari za Ulaya, hilo kweli, ila muda huo unautumia ukiwa juu ya maji. Kinachokuangusha huku ni uchovu na mkondo.

Takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani mwaka hadi mwaka zinarudia kitu kile kile: karibu robo tatu ya wanaokufa kwenye ajali za boti za starehe wamezama, na zaidi ya asilimia 80 ya hao waliozama hawakuwa wamevaa jaketi. 

Na asikudanganye mtu kwamba utalivaa ukishaanguka. Jaketi la foma ukilitupiwa majini linakukimbia, linapanda juu ya kifua, mikanda imejikunja chini. Mkafanye zoezi hilo karibu na ufukwe, kina cha shingo, mtu ajaribu kulivaa na kufunga klipu zote. Ubishi utaisha hapo hapo.

Kanuni yangu: mashine ikiwa inanguruma, vaa. Usiku, vaa. Ukiwa peke yako, vaa hata bahari iwe shwari kama sahani. Mkivuka mkondo wa lango la bandari penye mawimbi ya boti za kasi za Zanzibar, vaa. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi likiwa na nguvu, hakuna mjadala. Nanga ikishika, mchana, bahari kimya, watu wazima watatu na zaidi wako macho, naweza kukubali mlivue, ila likae mgongoni mwa kiti, si kwenye mfuko uliofungwa.

MamaChangu

Nakubaliana na Tezi isipokuwa hapo mwisho. Kaka, ukiwa kwenye nanga ndipo watu wanapoinuka. Kwenye mwendo kila mtu amekaa. Nanga ikishika, mmoja anainama na kulabu kuopoa samaki, mwingine kasimama ukingoni anajisaidia, ute wa samaki umetapakaa sitahani, na bia zimefunguliwa. Wimbi la boti inayopita likija ubavuni, anayeondoka ni huyo aliyesimama.

Kujisaidia watafutiwe ndoo, hiyo peke yake inapunguza hatari kuliko maneno mengi. Na nanga ifungwe omo (mbele), kamwe isifungwe tezi (nyuma). Boti ya futi 19 iliyofungwa tezi mashine inailemea, mawimbi yanaingia nyuma, inajaa maji kabla hujafungua kamba. Hapo hakuna muda wa kufungua mfuko wa jaketi.

Lingine nje ya mada: Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Uvuvi ufanyike nje ya mipaka yake.

Mtungi33

Nijibu suala la aina, maana hapo ndipo hela hupotea.

Soma namba kwenye lebo. Nguvu ya kuelea hupimwa kwa nyutoni, na 10N ni kama kubeba kilo moja. 50N ni ya mtu anayejua kuogelea na msaada uko karibu, haikugeuzi ukizimia. 100N ni ya maji yaliyokingwa, ina kola, inajitahidi kukugeuza uso juu. 150N ndiyo ya bahari wazi. 275N ni ya mtu mwenye nguo nzito na vifaa, kwenu haihitajiki. Na msichague ukubwa kwa kufikiri mnene anahitaji nguvu zaidi. Mafuta ya mwili yanaelea. Kijana mwembamba wa misuli ndiye anayezama haraka. Kilo na kipimo cha kifua kwenye lebo ni vya kulifanya likukae vizuri.

Kwa anayerusha fimbo kuna njia mbili.

Ya kwanza, kizibao cha foma cha wavuvi au cha kayaki: matundu ya mikono ni makubwa, foma ya mgongoni imepandishwa juu, chini ni wavu unaopitisha hewa. Mara nyingi ni 50N au zaidi kidogo. Bega linazunguka bila shida. Hakiozi kwa kusahauliwa, hakina cha kulipuka wala kuisha. Ubaya wake ni mifuko. Mtu anajaza risasi tano za kuzamishia mshipi, za gramu 200, humo. Hiyo ni kilo moja, na risasi ndani ya maji bado inavuta kama 9N. Umenunua 50 umebaki na 41. Mikia ya mikanda iingizwe ndani au ishonwe, ndiyo inayonasa mshipi, si klipu.

Ya pili ni ya gesi. Hii kwa joto la Dar ndiyo starehe, inakaa shingoni kama mtandio. La 150N kwa kawaida hubeba mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi wa gramu 33. Kuna la kuvuta kamba kwa mkono, kuna la kujifyatua kwa kidonge kinachoyeyuka, na kuna la kujifyatua kwa kani ya maji likizama sentimita chache. La kidonge kwenye boti wazi litawasumbua: rasharasha za kusi na unyevu wa stoo hukilainisha, siku moja linafyatuka mtu akiwa anavuta nanga. La mkono ni rahisi na halijifyatui, lakini aliyegonga kichwa havuti kamba. Kama fedha ipo, chukua la kani ya maji. Fedha ikiwa haba, rudi kwenye kizibao cha foma kuliko kununua la kidonge lililotumika.

Matunzo ya la gesi, kila mwezi: fungua kifuniko, zungusha mtungi utoke, angalia mdomo wake haujatobolewa. Weka kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, linganisha na uzito uliogongwa kwenye chuma. Ukipungua gramu 2 au zaidi, badilisha. Kutu kwenye nyuzi za mtungi ni sababu ya kuutupa, maana inakwangua mpira wa kuzibia. Rudisha kwa mkono mpaka ukaze, usitumie koleo. Kisha lijaze kwa mdomo kupitia bomba la pembeni, liache mpaka kesho yake muda kama huo. Likilegea, linavuja. Angalia na tarehe ya kifyatulio.

Kabla ya kulipa, hakikisha mtungi wa akiba na kifyatulio chake vinapatikana mjini. Kuagiza mtungi wa gesi kwa ndege kuna masharti, na jaketi lisilo na mtungi ni kitambaa tu.

Dau_la_Mbweni

Ya gesi nayasifu nusu. Chambo cha ndoano tatu kikikamata shingoni kinapita kifuniko na kutoboa mfuko wa ndani, na hutajua mpaka siku ya kuhitaji. Hiyo ya kulijaza kwa mdomo isiwe ya hiari kwa watu wanaorusha chambo bandia. Usilivae chini ya koti la mvua, likifyatuka linakubana kifua. Mwenye boti yenye paa gumu au chumba akumbuke kwamba boti ikipinduka, jaketi la kujifyatua litambana juu kwenye paa asiweze kupiga mbizi kutoka. Huko la mkono ni bora.

Mtoto mdogo: foma tu, yenye kola, kishikio nyuma ya shingo na mkanda wa katikati ya miguu. Bila huo mkanda ukimwinua kwa kishikio jaketi linakuja, mtoto anabaki.

KolekoleWaKunduchi

Shukrani sana wakuu. Hizi sita za foma zina miaka, mbili zimekuwa mito ya kukalia. Nazipimaje?

Mtungi33

Hizo mbili za kukalia nazihofia. Foma iliyokaliwa hubonyea, vijipovu vya hewa vinapasuka, ujazo unapungua na nguvu inapungua nayo. Bonyeza kwa kidole gumba: ikibaki shimo au ikikatika kama biskuti, tupa. Vuta mikanda kwa nguvu, kitambaa kilichopauka kwa jua huchanika kwenye mshono wa klipu.

Kisha majini. Chukua vyuma vya mazoezi vya kilo 10, vifunge kwenye jaketi. Chuma ndani ya maji hupoteza uzito kidogo, kwa hiyo vitavuta kama 85N. Jaketi la 100N lisipovibeba limekwisha. Likibeba, liache saa kadhaa. Likianza kushuka, foma inanyonya maji. Mwisho kila mtu avae lake kina cha kifua, ainue miguu, alegee, alaze kichwa nyuma. Mdomo ukae juu ya maji. Likipanda mpaka masikioni, kaza mkanda wa kiuno au ongeza wa mapajani.

Zinazobaki: suuza kwa maji baridi kila mkirudi, anika kivulini. Zikikauka juani juu ya boti zinazeeka haraka.

Tezi_na_Omo

MamaChangu, umenishinda kwenye nanga. Livaliwe.

Niongeze vitu vya kufunga kwenye jaketi: filimbi kwa uzi mfupi, taa ndogo ya maji kama mnachelewa kurudi, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji iliyo mwilini, si kwenye dashibodi. 112 inapigika mkiwa bado mna mtandao. Mbali zaidi ni redio ya VHF, chaneli 16. Mwenye usukani avae kamba ya kuzimia mashine, akianguka boti isizunguke kumrudia na panga la mashine (propela) likizunguka.

Na mpange namna ya kumpandisha. Ubavu wa boti yenu uko juu, mtu aliyechoka hapandi kwa mikono. Mwendeeni mkielekea upepo, awe upande wa mwenye usukani, zimeni mashine kabisa, halafu apande kwa ngazi au kamba yenye vitanzi viwili iliyofungwa tayari kabla ya safari, kitanzi cha chini kikiwa nusu mita ndani ya maji.