Watangazaji, si kila kinachoanguka ni "mmomonyoko"!

Wakuu, nimechoka. Jana usiku mtangazaji wa redio moja kasoma habari ya ukuta wa jengo ulioanguka mchana kweupe, kishindo kimoja, halafu bila haya akasema "mmomonyoko wa jengo". Mmomonyoko gani huo wa sekunde mbili? Ukuta umebomoka, basi!

Kumomonyoka ni kutoka punje kwa punje. Nendeni mkaangalie mwembe ulioota kwenye mteremko: mizizi iko nje, mtoto anapita chini yake. Ile mizizi ilifukiwa zamani. Udongo umeondoka mvua hadi mvua na hakuna aliyeuona ukienda, zaidi ya maji ya mtaroni kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Huo ndio mmomonyoko.

Desemba 3, 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikauzoa mji wa Katesh, mkoani Manyara. Watu wakafa. Bado nakutana na wanaoita tukio lile mmomonyoko. Yale ni maporomoko, jamani! Neno lipo, tena la kila siku.

Mtasema nakuza mambo. Mimi kazi yangu ni kushinda na wakulima. Ukimwambia mkulima shamba lake linamomonyoka, anatazama, haoni shimo wala kilichoanguka, anakucheka. Matuta ya kukinga maji hachimbi, majani ya tembo hapandi. Atachimba vipi wakati redio imemfundisha kwamba mmomonyoko una kishindo? Makorongo ya Kondoa hayakutokea usiku mmoja. Yaliachwa hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Waulizeni wenyeji kuondolewa ng'ombe kulivyouma.

"Mmomonyoko wa maadili" nauvumilia, maana angalau wanakusudia kitu cha taratibu. Ila mtu akikomba fedha za umma kwa siku moja, huo ni wizi, msimtafutie jina la heshima.

Kiswahili hakina njaa ya maneno. Soli hulika, kanga huchujuka, shati huchakaa, tairi huwa kipara, ukingo wa mto humeguka. Wahariri mnalipwa kuchagua. Nimewatumia ujumbe tangu asubuhi, na habari ile ile imerudiwa saa saba mchana na "mmomonyoko" wake.