Seli shina kwenye damu ya mtu asiyeumwa, zinatafuta nini huku?

Mdadisi2
Wakuu habari, naomba kueleweshwa. Shule tulifundishwa seli shina, zile zinazozaa seli za damu, zinakaa kwenye uboho ndani ya mifupa, huko ndo damu inatengenezwa, kinachoingia kwenye mishipa ni zile zilizoiva tu. Sasa juzi nasoma nakuta eti hata mtu mzima mwenye afya zake anazo chache zinazunguka kwenye damu. Nikatoa majibu yangu ya kipimo cha damu nikayapitia mstari kwa mstari, nyekundu zipo, nyeupe zipo, za kugandisha zipo, seli shina hamna! Zipo au hazipo? Na kama zipo, zimetoroka?

Mtu wa Hadubini
Zipo mkuu, ila kwa kipimo hicho huzioni hata ukeshe. Piga hesabu: mikrolita 1 ya damu, katone kadogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, ina seli nyekundu kama milioni 4 mpaka 6 na nyeupe kati ya 4,000 na 11,000. Seli shina pamoja na ndugu zake wachanga, zile zenye alama ya CD34 kwenye ganda, kwa kawaida hazifiki hata 1 kwa kila nyeupe 1,000. Mimi kwenye slaidi nahesabu nyeupe 100 nafunga, nitakutana nayo wapi? Na hata ikipita machoni inafanana na limfosaiti (aina ya seli nyeupe), kaduara fulani hivi kiini kimejaa, utaipita tu.

Ndo maana wanatumia mashine ya leza, damu inachanganywa na kingamwili zenye rangi zinazong'ang'ania CD34, seli zinapita moja moja kwenye mwanga. Hapo napo uwe macho, seli iliyokufa inanasa rangi yoyote ile, usipoitoa kwenye hesabu unashangilia maiti.

Kutoroka hapana, ni mizunguko yao, zinatoka ubohoni zinarudi. Wachangiaji wa seli shina wanachomwa dawa inayoitwa G-CSF siku 4 au 5 (mifupa inauma kweli) zinamwagika kwa wingi, halafu mashine inazichuja kutoka kwenye damu, damu nyingine inarudishwa mwilini.

Mama Wawili
Na za mtoto je? Nilisikia zinabaki kwa mama. Wangu wa kwanza ana ndevu sasa hivi 😄

Mtu wa Hadubini
Kweli dada. Mwaka 1996 Diana Bianchi na wenzake kule Marekani walitoa utafiti, kuna mama alikutwa na seli zenye kromosomu Y miaka 27 baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Wanatafuta Y kwa sababu kwa kawaida mwanamke hana, ikionekana ujue kuna mgeni. Binti naye anaacha zake ila kumtafuta ni kazi. Lakini usiikimbilie kila Y, mimba iliyoharibika au damu uliyoongezewa nayo inaweza kuzileta.

Chupa ya Pili
Niongezee kidogo hapo. Kuna watu wanatafuta seli za ukuta wa mshipa zinazoelea kwenye damu, nazo adimu balaa. Sasa sindano ikitoboa inakwangua ngozi na huo huo ukuta, makombo yote yanaingia chupa ya kwanza ya damu, kwa hiyo hiyo haitumiki kwa kazi hii, unaanzia ya pili. Siku moja nilichanganya chupa nikapata namba tamu ajabu, nimeshaanza kuwaita wenzangu waje waone, kumbe nimehesabu sindano yangu mwenyewe.

Mdadisi2
😂😂 Asanteni. La mwisho, ripoti ikiandika kuna "blasti", zile seli changa za damu, si ndo hizo hizo?

Mtu wa Hadubini
Hapana, hapo usituulize sisi. Mtu mzima akikutwa na blasti kwenye slaidi ya kawaida majibu yanaenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Ila kwenye majibu yako hukuzitaja, kalale.