Naomba ushauri: mtafiti mgeni na Kiswahili cha Bukavu

Ndugu wanachama, salamu kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC).

Ninamfundisha Kiswahili mtafiti wa eneo la Maziwa Makuu kutoka Marekani. Kiswahili sanifu anakijua vizuri, lakini katika soko la Kadutu, watu wanapochanganya Kiswahili chetu na Kifaransa na Mashi (lugha ya Washi wa hapa), anaachwa nyuma, na sasa anataka mkalimani kwa mahojiano yote, jambo ambalo naona litamnyima mengi. Nimemsikilizisha redio za hapa. Zimesaidia kidogo tu, maana watangazaji husema kwa uangalifu.

Je, nisimamishe sanifu kwa muda nimfundishe usemi wa mtaani? Na nitatambuaje kwamba yuko tayari kuhoji peke yake?