Saa ya kuzamia ya toleo maalumu: SPB149 iliyopo Dar, SLA017 ya Japani, au ninunue ya kawaida nibaki na chenji?

Baharia_wa_Chumbageni
Habari za jioni, waungwana. Naomba ushauri wenu kabla ya Ijumaa, kwa sababu muuzaji mmoja amenipa muda hadi siku hiyo. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitafuta saa ya kuzamia ya Seiko iliyotolewa kwa idadi maalumu, na sasa zimejitokeza mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni SPB149 ya mwaka 2020, yenye uso wa buluu iliyochanganyika na kijivu, ambayo zilitengenezwa 5,500 tu. Hii ipo Dar es Salaam. Ya pili ni SLA017 ya mwaka 2017, ambayo zilitengenezwa 2,000 kwa dunia nzima kwa kufuata umbo la ile ya mwaka 1965, saa ya kwanza ya kuzamia ya Seiko. Hii bado iko Japani. Mke wangu ameongeza chaguo la tatu, kwamba ninunue SPB143 ya kawaida, ambayo umbo na mashine yake ni vilevile na vya SPB149, kisha chenji itakayobaki imalizie bati za nyumba ya Mabokweni. Ninyi mngechukua ipi?

FundiSaa_Ngamiani
Ndugu Baharia, umeuliza vizuri lakini umeacha karibu kila kitu tunachohitaji kukijua. Hukutaja bei, hukusema kama saa hizo zina boksi na karatasi zake, hukutueleza mzingo wa mkono wako ni sentimita ngapi, wala kama saa itaingia majini au itakaa kabatini. Tena wewe ni mzamiaji wa namna gani? Hapa Tanga neno hilo lina maana mbili, na wale wa maana ya pili, wanaojificha ndani ya meli, hawana haja ya saa ya mita 200.

Baharia_wa_Chumbageni
Nimecheka peke yangu. Mimi napanda meli kwa mlango wa mbele na kitabu changu cha ubaharia mkononi. Kuzamia kwa mtungi nazamia mara nne au tano kwa mwaka nikiwa likizo, zaidi upande wa Maziwe, na sijawahi kuzidi mita 25. SPB149 muuzaji anaitaka kwa milioni 3.8, haina boksi. SLA017 ina kila kitu, lakini ni milioni 9.6 kabla ya usafiri na ushuru. Nilikuwa nimetenga milioni nne, ila nikiuza pikipiki naweza kujisogeza.

Mzee_wa_Vostok
Vijana, mnapoteza fedha. Nilipokuwa masomoni Muungano wa Kisovieti nilinunua Vostok Amphibia, saa iliyoanza kutengenezwa Chistopol mwaka 1967, na hadi leo ninaogelea nayo. Werevu wake ni kwamba haikujengwa ili kushindana na maji, bali iliyageuza maji kuwa fundi wake: kadiri unavyoshuka, ndivyo mkandamizo unavyokisukuma kifuniko cha nyuma kwenye mpira wake mpana, na kioo chenyewe cha plastiki nene kinabonyea kidogo na kukaza pale kilipoketi. Inabeba mita 200 hizohizo. Kwa milioni 9.6 ungewanunulia ukoo mzima, na bati zingepatikana.

Dada_wa_Sahare
Mzee wangu, shikamoo. Amphibia naiheshimu, lakini nisingemshauri mtu kuitegemea chini ya maji, kwa sababu moja tu: lile duara la nje la kuhesabia dakika ulizokaa chini, bezeli, kwenye Amphibia nyingi huzunguka pande zote mbili, tena kwa ulaini. Kwenye saa inayofuata ISO 6425, kanuni ya kimataifa ya saa za kuzamia, bezeli kwa kawaida huzunguka upande mmoja tu, kinyume cha mishale, kwa sababu maalumu. Ikigongwa na mtungi au ukingo wa mashua, kosa lake litakuwa kuonyesha kwamba umekaa chini muda mrefu kuliko ulivyokaa, nawe utapanda mapema. Bezeli inayoweza kurudi nyuma inaweza kukuongezea dakika ambazo hewa yako haina. Kanuni hiyohiyo hutaka kila saa, moja moja, ipimwe kwa mkandamizo uliozidi kwa robo ule ulioandikwa usoni.

Jambo lingine linalonifurahisha kuhusu bezeli ni kwamba haijui saa za Kiswahili wala za Kizungu. Wageni ninaowaongoza hubishana kama tumeingia majini saa nne au saa kumi, lakini pembetatu ikishawekwa mbele ya mshale wa dakika, sote tunasoma kitu kimoja.

Kuhusu uadimu, Kaka Baharia, naomba tusidanganyane. Sisi ndio wenyeji wa silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wetu wamekuwa wakimtoa kwenye majarife hadi ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa jina lake mwaka 2009. Huyo ndiye adimu. Saa zilizotengenezwa 5,500 kiwandani kwa makusudi, na kila moja ikapigwa namba, ni bidhaa nzuri yenye tangazo zuri.

Mzee_wa_Vostok
Marahaba, mwanangu. Hoja ya bezeli naikubali, ingawa yangu imekauka kwa chumvi na sasa haizunguki upande wowote.

Nahodha_Mstaafu_Raskazoni
Nimesoma kwa utulivu, na ninaona ni wajibu wangu kueleza yaliyonipata, maana hakuna hata mmoja aliyegusa jambo lililonigharimu.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua saa ya kuzamia ya Uswisi, ya toleo la saa 1,000, kutoka kwa muuzaji wa nje ambaye sitamtaja, na jina la kampuni pia nalihifadhi kwa kuwa kosa halikuwa lao. Ilifika salama, imeviringishwa ndani ya soksi. Kwa jinsi nilivyokuwa na furaha, nilitaka wanangu waione mashine inavyopumua, nikaipeleka kwa kijana mmoja mjini aliyekuwa akibadilisha betri za saa za ukutani. Aliifungua vizuri tu, tukaitazama, akaifunga. Hakuna kati yetu aliyeiangalia ile ringi ya mpira, nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo, ambayo ilikuwa imetoka kwenye mfereji wake na kubanwa na kifuniko.

Sikukuu ya Idi nilishuka nayo ufukweni hapa Raskazoni pamoja na wajukuu. Maji yalinifika kiunoni, basi. Jioni, nikinywa kahawa barazani, niliona chini ya kioo kitu kama pumzi ya mtu, kidogo tu, karibu na namba sita. Nikaiweka ndani ya mchele kama watu wanavyofanya na simu, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko la kwanza, kwani chumvi haiondoki kwa mchele, nami niliiacha humo siku nne nikiamini naitibu. Nilipoitoa, ukungu ulikuwa umekwisha, lakini mshale wa sekunde ulikuwa na mkia wa kahawia, na uso ulikuwa umefura kama rangi ya boti inayotaka kubanduka.

Nilikwenda hadi Dar es Salaam kwa fundi aliyesifiwa. Alipofungua kifuniko, tone moja la rangi ya chai lilidondoka kwenye kitambaa chake cheupe, akanitazama bila kusema neno. Mashine ilipona kwa kubadilishwa vipuri. Uso haukupona, na uso wa toleo lile haukuwa ukitengenezwa tena. Uliokuwepo ni wa saa ya kawaida ya aina ile. Nikakubali. Kwa hiyo leo nina saa ambayo mgongoni imeandikwa namba yake kati ya 1,000, na mbele ina uso unaouzwa kwa kila mtu. Inakwenda sawasawa. Siwezi kuiuza kama toleo maalumu bila kusema uongo, na kuivaa nayo naona kama nimevaa kofia ya cheo nilichostaafu.

FundiSaa_Ngamiani
Pole sana, Nahodha. Kwa faida ya wengine: saa ikiingia maji ya chumvi, isuuzwe palepale na ifike kwa fundi siku hiyohiyo, na mchele ubaki kwa ajili ya pilau. Ringi ya mpira hupakwa mafuta ya silikoni na hubadilishwa kila kifuniko kinapofunguliwa, kisha saa hupimwa mkandamizo kabla haijarudi baharini. Mimi mwenyewe sina mashine ya kupima, nami humwambia mteja hivyo kabla sijashika bisibisi.

Nikirudi kwa Baharia, hizi saa mbili mashine zake si za daraja moja. SPB149 ina 6R35, inayopiga mara sita kwa sekunde na kudumu saa 70 ukiivua, nayo kiwandani huruhusiwa kuwahi hadi sekunde 25 au kuchelewa hadi 15 kwa siku. SLA017 ina 8L35, ya ukoo mmoja na mashine za Grand Seiko, saa za daraja la juu za Seiko, inayokusanywa kwa mkono huko Shizukuishi, Japani. Inapiga mara nane kwa sekunde, hudumu saa 50, na mipaka yake ni sekunde 15 mbele na 10 nyuma. 6R35 nitaifungua bila wasiwasi. 8L35 ningependa uirudishe kwao, na hiyo ni safari nyingine ya kulipia.

Sasa naomba kitu kimoja. Tuandikie herufi mbili za mwanzo za namba iliyopo kifunikoni mwa ile ya Dar.

Jodari_Mkavu
Wakati tunasubiri, nashangaa hakuna aliyeitaja saa ya kweli ya wazamiaji, ile Seiko ya mita 600 ya mwaka 1975 ambayo wakusanyaji huiita jina la mkebe wa jodari kwa sababu ya umbo lake. Ilizaliwa kutokana na barua ya malalamiko: mwaka 1968 mzamiaji wa kazi kutoka Hiroshima aliwaandikia Seiko kwamba saa zao hazihimili kazi za kina kirefu. Wakajibu baada ya miaka saba, kwa kasha la titani lililozuia heliamu isipenye, ilhali wenzao wa Uswisi waliweka tundu la kuitolea nje. Tafuta toleo maalumu la ukoo huo, umalize.

Dada_wa_Sahare
Heliamu inamhusu mtu anayeishi siku kadhaa ndani ya chumba chenye gesi iliyokandamizwa, akishuka kazini na kurudi humohumo. Baharia anashuka mita 25 kutazama kasa. Hata saa yenyewe, ukweli ni kwamba inasaidia tu iwapo kompyuta ya kuzamia itazimika.

Jodari_Mkavu
Kwa hesabu hiyo hakuna anayehitaji saa yoyote, na hapa tungekuwa tunajadili bati.

Baharia_wa_Chumbageni
Mke wangu amesoma hilo na ameomba niwaambie kwamba mjadala wa bati uko wazi wakati wowote.

Fundi, nimeitazama picha aliyonitumia. Namba inaanza na 8N. Nilitarajia kuona pia maneno ya toleo maalumu na namba yake kati ya 5,500, lakini siyaoni. Nilidhani ni kivuli cha picha.

FundiSaa_Ngamiani
Si kivuli. Kwa Seiko, tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na inayofuata ni mwezi. Kwa kuwa Oktoba hutumia sifuri, Novemba ni N na Desemba ni D. Kwa hiyo 8N ni Novemba 2018, na saa unayouziwa ilitoka mwaka 2020. Kifuniko hicho ni cha saa nyingine. Huenda na kasha pia, huenda uso wa buluu ndio pekee uliotoka kwenye toleo hilo, huenda hata huo umenunuliwa peke yake. Kwa picha siwezi kwenda mbali zaidi.

Nahodha_Mstaafu_Raskazoni
Yangu ina mgongo wa kweli na uso wa kubandika. Hiyo ya kwako, nahofia, imegeuzwa.

Baharia_wa_Chumbageni
Nimempigia. Hakukataa. Alisema kifuniko kilibadilishwa na fundi baada ya kile cha asili kukwaruzika, kwamba cha asili anacho nyumbani, na kwamba atakipiga picha kesho pembeni ya karatasi yenye tarehe. Papo hapo akashusha bei hadi milioni 2.9, nami nakiri kwamba moyo wangu uliruka kidogo, ingawa najua bei inayoshuka haraka namna hiyo ina sababu. Yule wa Japani naye ameandika kwamba kuna mnunuzi mwingine anayeulizia.

Mzee_wa_Vostok
Sikuzote kuna mnunuzi mwingine anayeulizia.

Dada_wa_Sahare
Kaka, picha ya kifuniko peke yake haitoshi. Mwambie akifunge kwenye saa, apige picha ya nyuma na ya mbele bila kukata, halafu uende mwenyewe na basi la asubuhi. Na kama ni SLA017, weka kando asilimia 18 ya VAT pamoja na ushuru wa forodha kabla hujaitia pikipiki sokoni.

Jodari_Mkavu
Mimi bado nasema jodari.

FundiSaa_Ngamiani
SPB149 ina upana wa milimita 40.5 na SLA017 ina 39.9, na ya pili ni nene zaidi, kwa hiyo hukaa juu kwenye mkono mwembamba na kugonga kila fremu ya mlango wa meli. Ndiyo maana niliuliza tangu mwanzo. Mkono wako una mzingo wa sentimita ngapi?

Baharia_wa_Chumbageni
Picha imeingia sasa hivi. Kifuniko kipo, maneno ya toleo maalumu yapo, na tarehe ya leo ipo. Lakini namba yenyewe ameifunika kwa kidole gumba.