Kadi ya kijivu: nimepima mwanga ila sura bado zinatoka njano

lenzi_chafu:
Wakuu habari zenu. Nimechukua kadi ya kijivu ya kupimia mwanga, ile inayorudisha asilimia 18 ya mwanga, maana nimechoka, gauni jeupe linatoka kama limefuliwa na majivu, suti nyeusi inatoka imepauka. Naiweka hapa mezani karibu na mimi, napima, nafunga setingi kwenye manyuo (napanga mwenyewe, sio kamera) napiga. Eksposha (kiasi cha mwanga kwenye picha) mara inakaa mara haikai, na rangi ndo kabisaa, sura kama zimepakwa manjano. Kadi feki au mimi ndo feki?

Mzee wa Shata:
Hahaha kadi haina kosa mkuu, kosa ni hapo kwenye "karibu na mimi". Kadi inatakiwa ipate mwanga uleule unaompata mtu wako, mpe aishike chini ya kidevu, zumu mpaka ijae kwenye fremu ndo upime. Kamera haijui gauni wala suti, kila kitu inataka kiwe kijivu cha kati, ndo maana nyeupe inaishusha na nyeusi inaipandisha. Alafu ukiona kadi inang'aa iinamishe kidogo, ule mng'ao unaidanganya kamera picha inatoka giza.

kivuli7:
Kupima mwanga hakugusi rangi, hivyo ni vitu viwili. Piga picha ya kadi, ingia kwenye waiti balansi (setingi ya kusawazisha rangi), chagua kastomu, ionyeshe hiyo picha. Kama unapiga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata) usihangaike hata, piga moja yenye kadi, wakati wa kuediti chukua kile kidude cha kunyonya rangi bonyeza juu ya kadi, kopi kwa zingine. Ila taa ikibadilika piga kadi upya, hapo ndo wengi tunaliwa.

bado_najifunza:
Mi natumia karatasi ya printa tu, si sawa?

kivuli7:
Nyingi zina dawa ya kung'arisha inayotoa ubluu, kamera inajibu kwa kuongeza unjano. Na ukipimia mwanga hapo picha zote giza.

lenzi_chafu:
Nimejaribu, njano imeisha! Ila sasa shavu moja la bluu?? Amekaa dirishani na balbu inawaka.

Mzee wa Shata:
Zima balbu. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, mchana ni kama 5500, balbu ya njano 2700 hivi, kadi moja hainyooshi zote mbili.

lenzi_chafu:
Nimezima, mashavu yamepatana. Narudi kupiga kadi upya