Taa za ndege usiku: kwa nini leo naona nyekundu, kesho kijani?

Wakuu habari za jioni. Naishi Kikatiti, kaskazini mwa barabara ya Arusha-Moshi, na ndege za KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) usiku naziona vizuri kabisa nikiwa uani. Kuna siku pembeni naona taa nyekundu, kuna siku kijani, na kuna nyeupe inapiga piga kama flashi ya simu. Mwanangu wa darasa la nne ananiuliza kila siku, jirani anasema nyekundu ni ya kutua na kijani ni ya kupaa. Ni kweli? Mwenye ujuzi atufungue macho.

Jibu 1
Mkuu hapana, hizo hazibadilishwi. Bawa la kushoto ni nyekundu muda wote, la kulia kijani, mkiani nyeupe, utaratibu umetoka kwenye meli. Kushoto hapo ni kwa rubani aliyekaa anaangalia mbele, sio wewe uliye chini. Sasa wewe uko kaskazini mwa njia ya hizo ndege, ndege inayokuja kutua ikielekea mashariki inakupa ubavu wa kushoto, unaona nyekundu, na iliyopaa ikaelekea magharibi inakupa ubavu wa kulia, kijani. Ndio maana jirani anaona kama kapatia, lakini mtu wa Mirerani aliye kusini anaona kinyume kabisa, ndege ile ile, dakika ile ile! Rubani wa ndege nyingine huko juu akiona rangi anajua hapo hapo huyu anaelekea wapi. Akiona zote mbili, kijani kushoto kwake na nyekundu kulia, ajue anajiwa uso kwa uso.

Jibu 2
Naongezea, niliwahi kupakia mizigo uwanjani. Kuna taa nyekundu ya kuwaka na kuzima, moja mgongoni moja tumboni, tunaiita bikoni. Inawashwa kabla injini hazijawashwa na inazimwa injini zikishazimwa, kwa hiyo ndege ikishapaki mnasimama na matoroli yenu mnaiangalia ile ya tumboni, ikiwa bado inawaka HAKUNA kusogea hata kama abiria wameshasimama ndani, maana injini inaweza kumvuta mtu. Vijana wanaoanza kazi nawasihi sana, msiwe na haraka na hiyo taa.

Muuliza swali
Asanteni sana, dogo kashaanza kuchora. Na hiyo nyeupe ya flashi je? Na ile kali ambayo ikiwa mbali unadhani ni nyota imesimama?

Jibu 1
Ya flashi ni strobu, iko kwenye ncha za mabawa, kazi yake ndege ionekane kutoka mbali, kwa kawaida wanaiwasha wakiingia ranwei (njia ya kurukia na kutua). Kwenye mawingu mazito rubani anaweza kuizima sababu mwanga unarudi unamuumiza macho. Ile kali ni taa ya wakati wa kutua, inamulika ranwei, ila mashirika mengi wanaiwasha ndege ikiwa chini ya futi 10,000 hata mchana, waonwe na wengine. Inaonekana imesimama kwa sababu inakuja upande wako moja kwa moja, subiri kidogo ikigeuka utaona rangi ya bawa.