Mnazima gari likiwa bado la moto juu ya Kitonga, halafu mnalia tabo ni feki

#1

Wakuu, uzi huu ni wa hasira. Asiyetaka kusomeshwa apite.

Ukipita gereji za Uyole, Makambako au Mafinga hukosi Toyota Surf au Prado yenye injini ya dizeli ya 1KZ imeachama boneti, tabo (turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa) iko chini juu ya gunia, na mwenye gari kasimama pembeni anamtukana muuza spea. "Kaniuzia feki, haijamaliza hata miezi miwili." Muulizeni swali moja tu: ukimaliza kupanda mlima Kitonga, kule Iringa, huwa unafanya nini? Atawajibu bila aibu kwamba anaegesha pale juu, anazima, watu wanachimba dawa, wanapiga picha ya bonde, safari inaendelea. Haya, feki ni nani hapo?

Ndani ya tabo kuna feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja nene kama penseli. Moja inasukumwa na moshi wa eksozi, ya pili inasukuma hewa kuingia kwenye injini. Gari likiwa na mzigo shafti hiyo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwenye tabo nyingi za dizeli zetu hakuna gololi humo: shafti inaelea kwenye utando wa oili ndani ya bushi (pete ya chuma inayoishikilia). Oili hiyo inaletwa na paipu nyembamba kutoka kwenye pampu, na pampu inazungushwa na injini. Umezima injini, pampu imesimama sekunde hiyo hiyo. Shafti bado inazunguka kwa nguvu ilizobaki nazo, na sasa haina kinachoilainisha.

Hilo ni dogo. Kubwa ni moto. Moshi wa dizeli inayopanda mlima na mzigo unapita nyuzi joto 600, na wa petroli yenye tabo unaweza kupita 900. Nyumba ya chuma upande wa eksozi imeshiba moto huo, na ulipozima moto haukuondoka, umeanza kutambaa kwenye shafti kwenda kwenye bushi. Pale kuna oili iliyosimama, haiendi wala hairudi. Inakaangika. Kwanza inakuwa ukoko wa kahawia unaonata, ukirudia mchezo inakuwa mkaa mgumu kabisa. Mkaa huo unakwangua bushi, unaziba tundu la paipu ya kuleta oili, na safari ijayo tabo inapanda mlima na kiu. Fungua paipu ya gari linalozimwa hovyo, ipige kwa bisibisi, uone vipande vyeusi vinavyodondoka. Halafu mje mniambie habari za feki.

Dawa yake haina hata gharama. Kaa sailensi. Injini inaunguruma yenyewe, mguu hauko kwenye resi, oili inapita na kubeba moto taratibu mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Vitabu vya Toyota za dizeli zenye tabo vimeandika wazi: mizunguko ya kawaida ya mjini huhitaji kusubiri, ukitoka kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa subiri sekunde 20, kilomita 100 kwa saa, dakika moja, umetoka kwenye mlima mkali, dakika mbili. Dakika mbili! Abiria mmoja hajamaliza hata kufunga mkanda wa suruali.

Na hapo ndipo wajuaji wanapoteleza. Wanasema "mimi Kitonga napanda na 25, niko nyuma ya semi, gari limechoka wapi?" Ndugu yangu, uko gia ya kwanza au ya pili, resi umeikanyaga, hewa ya kupooza injini haipo kwa sababu huendi popote, na mbele yako kuna semi inakupumulia moshi wa moto usoni. Tabo yako hapo ina moto kuliko ya mtu anayekimbia 80 kwenye tambarare ya Igawa. Spidi haikwambii kitu. Angalia dakika tano za mwisho mguu wako ulikuwa wapi.

Barabara ya Mbeya kwenda Chunya ndiyo kabisa. Unapita zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo shinikizo la hewa limebaki kama robo tatu ya lile la Dar es Salaam. Hewa ikiwa nyepesi tabo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kujaza kiasi kile kile. Kona za Chimala kwenda Matamba, vivyo hivyo. Ukiona sehemu nzuri ya kutazama, egesha, tazama, lakini ufunguo uache ulipo.

Sasa kuna kundi ambalo linanikera kuliko wote: wapiga resi ya mwisho. Anafika, kabla ya kuzima anakanyaga vuuum, halafu anachomoa ufunguo. Sijui nani aliwafundisha. Hapo umeichochea tabo mpaka kasi ya juu, na sekunde ile ile ukaikata oili. Afadhali hata aliyezima kimya kimya.

Mafundi nanyi msijifiche. Tabo imekufa, unafungua bolti, unaweka nyingine, unapokea hela. Paipu yenye mkaa ni ile ile, oili nyeusi ni ile ile, silikoni umepaka kwenye gasketi ya oili kama unapaka siagi kwenye mkate. Silikoni ikibanwa inachungulia ndani, inakatika, inaenda kuziba tundu lenye upana wa njiti ya kiberiti. Mnaiua ya pili kwa kisa cha kwanza.

Mwisho, wale wa upande wa pili: mtu ana Land Cruiser ya 1HZ au Coaster ya injini hiyo hiyo, haina tabo tangu kiwandani, anakaa stendi dakika kumi eti "inapoa". Inapoa nini?

#2

Mkuu, umesema kweli nyingi ila kwa mafundi umetuonea. Mteja ukimwambia abadilishe paipu ya oili, filta na oili yenyewe, anasema "funga tu hiyo, nina safari ya Songea alfajiri". Akirudi anakuja na kelele.

Kwa wanaotaka kujua kazi inayotakiwa, ni hii. Ile tabo ya zamani imekatika feni? Vipande vimekwenda wapi? Fungua mipira yote ya hewa na intakula (rejeta ya kupooza hewa inayotoka kwenye tabo), mwaga oili iliyomo, safisha mpaka ikauke. Hii si ya kuruka, kwa sababu oili iliyojaa kwenye intakula dizeli inaweza kuinywa kama mafuta, injini ikapanda resi yenyewe na ukigeuza ufunguo haizimi. Ikitokea, ziba njia ya hewa kwa ubao au kitu kigumu, usiweke kiganja. Gari la gia za mkono, kanyaga breki, ingiza gia ya juu na uachie klachi life.

Paipu ya kuleta oili, nunua mpya. Kuna watu wanaichoma na kupuliza, lakini ukoko hautoki wote, unalegea tu na kungoja safari. Bolti yake yenye tundu iangalie dhidi ya mwanga. Paipu ya kurudisha oili ni nene, lakini inashuka kwa uzito wake tu, haisukumwi na kitu. Ikiwa imekunjika au ina ukoko, oili inajaa katikati ya tabo na kutokea kwenye sili. Kipumulio cha injini kikiziba, shida ni hiyo hiyo. Watu wanasema "sili mbovu", kumbe oili imekosa pa kwenda.

Kabla ya kufunga paipu ya juu, mimina oili safi kwenye tundu la tabo huku unazungusha shafti kwa kidole. Kisha kata umeme wa soleno (vali ya umeme) ya pampu ya dizeli ili injini isiwake, piga stata sekunde kumi, pumzika, rudia mpaka taa ya oili izime. Ndipo uwashe, na usiguse resi dakika tatu nne. Anayewasha na kupiga resi "kuisikilizia mluzi" anaizika tabo siku ya harusi yake.

#3

Niongezee upande wa petroli. Subaru Forester na Impreza zenye tabo zina maji yanayopita katikati ya tabo. Ukizima, maji yaliyochemka yanapanda yenyewe na yaliyopoa yanashuka, kwa hiyo kupoza kunaendelea kidogo bila pampu. Ndiyo maana baadhi ya wenye Subaru wanazima hovyo na hawaoni madhara haraka. Lakini maji yakipungua au rejeta ikiwa na kutu, kinga hiyo haipo. Na baadhi ya Subaru zina kichujio kidogo cha waya ndani ya bolti ya paipu ya oili; kikijaa uchafu tabo inakosa oili hata kama wewe ni msubiriaji hodari. Kikague au kibadilishe, na oili usiivushe kilomita 5,000, hasa kama ni ile ya kupima kutoka kwenye pipa.

Taima za kuacha injini ikiunguruma baada ya kuchomoa ufunguo zinasaidia, ila kwa miji yetu ya miteremko kama Iringa, gari la gia za mkono lenye taima huwezi kuliacha kwenye gia. Liko huru, linashikwa na hendibreki peke yake. Weka jiwe kwenye tairi, upande wa mteremko.

#4

Swali la haraka wakuu. Nawezaje kujua tabo yangu imeshaanza kuumia kabla haijakatika? Na nikiwa nateremka Kitonga kuja Ruaha Mbuyuni, nako nisubiri?

#5 (mwenye uzi)

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa mpira wa hewa upande wa filta, shika nati ya katikati ya feni. Ipeleke juu na chini: mchezo mdogo ni kawaida, bushi zinahitaji nafasi ya oili. Ivute na kuisukuma kwa urefu wa shafti: hapo isiwe na mchezo wa kuhisika. Izungushe ukiwa umeisukuma pembeni. Mapanga yakigusa nyumba, usipande nayo mlima. Dalili za barabarani ni mluzi uliogeuka king'ora, moshi wa bluu ukiwasha baada ya kulala, na moshi mweusi mlimani huku gari halina nguvu. Moshi mweusi peke yake usiitupie tabo lawama, angalia kwanza kama mpira wa intakula haujapasuka.

Kuteremka hakuna shida. Umeshusha kwa gia, mguu haupo kwenye resi, dizeli haiingii, moto ulishatoka njiani. Ukifika Ruaha Mbuyuni zima, nunua vitunguu vyako.

Lakini ukiingia Iringa mjini ukitokea barabara kuu, kile kipande cha kupanda kutoka Ipogolo ni kifupi na kikali, na watu wanakipanda kwa fujo kisha wanazima mlangoni pa benki. Nacho ni mlima. Na kama unakwenda sheli moja kwa moja, malizia kusubiri kabla hujafika kwenye pampu, kwa sababu pale lazima uzime, na mhudumu yuko sahihi kukukoromea. Mkimaliza msimwagie injini maji ya baridi ili "ipoe haraka". Chuma cha eksozi chenye moto kikipigwa maji kinapasuka, na ufa huo hauna gundi.